Aproni Nilizozikunja

Jumanne, 14 Juni 2011

Zilikuwa sita, zile aproni nzito zenye madini ya risasi wanazovaa eksirei ikitumika chumba cha upasuaji. Ijumaa nilipomaliza kusafisha, nilizikunja zote vizuri nikazipanga kabatini. Tangu niolewe nakunja kila kitu. Mashati ya Elias wangu, jamani, nayakunja huku nayanusa!

Leo Sipho, mpiga eksirei wetu, kafungua kabati akashika kichwa.

"Eish, bibi harusi! Hizi si shuka zenu. Ukizikunja, risasi ya ndani inapasuka, mionzi inapita."

Jana Sista Lindiwe, muuguzi wa upasuaji, alivaa moja kutwa, na ana mimba ya miezi mitano.

Sipho akazipiga picha za eksirei moja moja. Yenye ufa ilikuwa moja tu, ile kubwa ya daktari aliye likizo. Ya Sista ilikuwa nzima.

"Nyamaza tu, dada. Hajadhurika mtu."

Sikuweza. Nikamfuata Sista nikamweleza yote. Akaweka mkono tumboni.

"Umefanya vizuri kuja mwenyewe," akasema. "Twende tukazitundike."

Nilimkalisha kitini. Zile tano nzima nikazitundika mimi.