Wimbo wa Kosa Lisilo Lake

Gitega, Kigali

Kwa dada yangu mpenzi Cécile,

Pokea salamu zangu na za Mutoni wangu, ambaye sasa anasimama akishika kiti. Shemeji na watoto huko Kigoma wazima? Sisi tunapumua, Mungu anatusaidia. Ninaandika kwa sababu simu yangu hupokei. Barua hii atakupa Valens, mpiga kinanda wa Papa, anakuja huko kumwona mama yake.

Habari za Papa pengine umezisikia redioni. Roki yake ile, ya kupiga kelele hadi mishipa ya shingo inasimama, ameiacha. Tangu Mama afariki hajagusa gitaa la umeme, maana kwenye nyumba ya matanga hapapigwi kelele. Alikuwa anakaa mkekani anaimba chinichini, Valens anamfuata taratibu. Majirani wakamtania eti miaka thelathini amewapasua masikio, kumbe sauti anayo. Vijana wakasema hiyo ndiyo soul, muziki wa kuimba kutoka rohoni. Sasa kumbi zinajaa, na watu waliomjua tangu Bujumbura wanalia kama watoto.

Wimbo wanaoupenda zaidi ni ule wa kumwomba binti yake msamaha, kwamba hakumwita aje kumuaga mama yake. Najua ukiusikia unazima redio. Ulimwambia Valens kwamba Papa anauza kifo cha Mama, na siku ya kuanua matanga hutakanyaga hapa. Papa alipoambiwa, alijibu tu kwamba bila Cécile matanga hayaanuliwi, atangoja. Mwaka umepita, Dada. Anangoja, na amekonda.

Jumapili nilikuwa ukumbini Niboye, Mutoni mgongoni. Papa alipofika pale pa kuomba msamaha, mama mmoja aliyekaa karibu akaniambia huyu mzee alikosa sana lakini ana moyo. Nikashindwa kukaa, nikatoka nje.

Dada, kosa si lake. Mama alipozidiwa, Papa alinipa simu akaniambia nikuite uje siku ileile. Nikawaambia wote wawili nimekupigia, uko njiani. Sikupiga. Niliona nikikuita nitakuwa nimekubali kwamba Mama anaondoka, na mimi tumbo lilikuwa la miezi minane, nilitaka amshike mtoto wangu. Mama alikata roho akiutazama mlango.

Ulipofika tulikuwa tumeshazika. Ukauliza nani alikuficha habari. Papa alilitazama tumbo langu, akasema ni yeye. Baadaye akanikataza kusema. Yeye akaenda akaliimba kosa langu kama lake.

Njoo, Dada. Hasira yako niletee mimi, ni ya kwangu. Siku ya kuanua hatujaiweka, utaitaja wewe, na kitanda cha Mama nimekutandikia.

Watoto nibusie, na shemeji umwambie namkumbuka. Papa hajui kama nimeandika, anajua Valens amekuletea maharage. Maharage ni yake, alichagua mwenyewe punje kwa punje. Barua ni yangu.

Ni mimi mdogo wako,
Belyse