Kwa Fidel, Uliyekataa Kutoka Mlangoni

Mwaka wa tatu umefika, Fidel, tangu ulipoaga nyumbani kwako hapa Nachingwea ukisema unapita ofisi ya mtaa mara moja, kisha utarudi kula. Mkeo Marietha alikufunikia ugali na kisamvu. Mpaka leo kisamvu hakipikwi katika nyumba hii.

Ulikuwa mtoto wa kijiji cha Mtua, ukawa polisi, ukastaafu na cheo cha koplo. Wenzako wakistaafu hufungua duka au hurudi kwenye mikorosho. Wewe uliona mtaa unalia na wezi, ukawakusanya vijana, ukaanzisha ulinzi shirikishi. Uliwabembeleza wenye nyumba waweke taa za nje. Waliokuwa wakishinda kijiweni uliwapa zamu za lindo, ukisema mwenye kazi hana muda wa kuruka ukuta. Watoto uliwaita "afande", nao wakakupigia saluti na makamasi yao. Shati lako ulilinyoosha mwenyewe. Ulidai hakuna raia anayejua kupiga pasi, na Marietha akacheka kila mara kama ndiyo kwanza anasikia.

Kila kikao uliwaambia vijana, "Kofi halitoi ushahidi, linaufuta. Kamata, funga, peleka kituoni." Hemedy, uliyemlea kazini hadi ukamfanya msaidizi wako, ndiye aliyekuwa akiitikia kwa sauti kubwa kuliko wote.

Siku ile, mchana kweupe, alikamatwa Twalha, kijana wa Matambarale kule Ruangwa, akiwa na pikipiki isiyo yake. Aliiba kweli, wala hakukataa. Ulimfunga kamba mikononi, ukamweka ndani ya ofisi ya mtaa, ukapiga simu kituoni. Gari lilikuwa limekwenda Kiegei kwenye tukio jingine. Walikuomba umshikilie, wanakuja. Watu wakajaa, na matofali, na petroli kwenye chupa ya maji. Ukaufunga mlango, ukasimama mbele yake.

"Mzee, toka hapo," Hemedy alikwambia.

"Huyu ni mtuhumiwa, mwanangu. Nimempokea mzima, nitamkabidhi mzima."

"Kesho atapewa dhamana, arudi kutuibia."

"Akirudi tutamkamata tena. Ndiyo kazi yetu."

"Kumbe unakula nao!"

Neno hilo ndilo lililokuua, Fidel. Tofali la kwanza lilitoka mkononi mwa Hemedy. Yaliyofuata hayakuwa na mwenyewe, kila mtu alitaka na lake likufikie. Twalha aliyaona yote kwenye ufa wa mlango. Alipoona umepiga magoti, alitokea dirisha la nyuma. Angeweza kutokomea mikoroshoni. Akakimbilia kituo cha polisi, mikono ingali na kamba, akilia, "Njooni, wanamuua mzee!"

Marietha alifika ungali unapumua. Umati ulimpisha kwa adabu. "Pole, mama, pole sana," walimwambia, na vumbi la matofali likiwa bado viganjani mwao. Alikupakata. Ukamwuliza, "Yule kijana ni mzima?" Akakujibu ni mzima. Hukuuliza jingine. Hukumtaja binti yako Eva, wala yeye mwenyewe aliyekupakata, na jambo hilo mkeo hajalimeza hadi leo. Anakupenda, na bado amekukasirikia.

Kwenye maziko, Hemedy alilibeba jeneza lako. Alishika upande wa kichwa.

Kesi ilipofika mahakamani, mtaa mzima ukawa kipofu. Prisca, mama lishe wa mkabala na ofisi, ambaye wewe ndiye uliyemrudishia masufuria yake yalipoibwa, alisema hakuona kitu, moshi wa jiko ulimjaa machoni. Prisca anapikia gesi. Shahidi aliyekubali kunyoosha kidole ni Twalha peke yake, akiletwa kutoka gerezani anakotumikia kifungo cha ile pikipiki.

"Wewe ni mwizi, si ndiyo?" wakili wa washtakiwa alimwuliza.

"Ndiyo. Pikipiki niliiba. Hili niliona."

Watu walicheka. Eva alikuwepo, alisikia nani na nani wamecheka. Ushahidi haukutosha, Hemedy na wenzake wakaachiwa. Walirudi kwa msafara wa bodaboda, honi zikilia, wakapita mbele ya nyumba yako, wakageuza, wakapita tena. Sasa Hemedy ndiye mkuu wa ulinzi shirikishi. Tangu ashike yeye, hakuna mwizi aliyefika kituoni akiwa hai, na watu wanamsifu kwamba mtaa umetulia.

Asubuhi Hemedy humkuta Marietha bombani. "Shikamoo, mama." Naye huitika, "Marahaba," maana bomba ni moja. Eva alimwuliza anapata wapi ulimi wa kumwitikia. Akasema, "Nikinyamaza, mwanangu, atajua naogopa. Nikimwitikia, yeye ndiye atakayeangalia chini." Huwa kweli anaangalia chini. Kisha anachota maji, anaondoka, na maisha yake yanaendelea vizuri tu.

Misa ya kukuombea itakuwa Jumapili asubuhi, na baada ya misa tutakula nyumbani. Majirani wote mnakaribishwa, hata mliokuwepo siku ile. Viti vyenu tumeviweka mbele. Mnajijua, nasi tunawajua.

Unakumbukwa na mkeo Marietha, binti yako Eva, kaka yako Linus wa Ruangwa, dada yako Teodosia wa Mtua, na Twalha, ambaye ametuomba tumwandike hapa, nasi tumemwandika.

Wewe, Fidel, hatutakusahau kamwe. Na wao hatutawasahau.