Chupa ya Maji ya Bahari

Mke wangu Bhoke,

Nimekuficha jambo tangu mwaka wa kwanza wa ndoa yetu, na sasa nguvu iliyonibakia ni ya kushika kalamu tu. Mimi sijawahi kuiona bahari.

Najua unacheka. Unaziba mdomo kwa kiganja, kama asubuhi ile kilimani tulipokuwa tukianika ulezi, ukungu umejaa bonde lote hata Tarime haionekani.

"Mwalimu, bahari ndivyo ilivyo?" ukaniuliza.

"Ndivyo hasa," nikasema. "Ila yenyewe ina kelele."

Kijiji kizima kiliamini kwamba nilifika Tanga na wenzangu wa shule. Safari ilikuwepo kweli, lakini malaria ilinishusha Moshi. Nikalala hospitali siku zote walizokuwa wakiogelea, wakanichukua wakati wa kurudi. Ningeingiaje nyumbani mikono mitupu? Kwenye kivuko cha mto Mara nilichota maji kwa chupa, nikatia chumvi ya dukani, nikatikisa. Baba akawaonjesha wazee kijiko kimoja kimoja. Walikunja nyuso, kisha wakanitazama kwa heshima ambayo sikuipata tena hata nilipoanza kufundisha.

Ulipoolewa ukaikuta chupa ile, ukaipenda kuliko mimi. Kila tulipokaa kupepeta ulezi ulitaka habari za pwani, nami nikakutungia mashauri ya mgeni. Akifika asikimbilie kuoga. Asimame ufukweni, aiamkie bahari shikamoo, asiondoke mpaka iitikie. Mchana maji yakirudi nyuma, ajue yamekwenda kula. Atandike mkeka pale pale palipokauka alale, kwani yakirudi humzunguka mgeni bila kumgusa. Na avae kengele ya ng'ombe shingoni, ili wenyeji wajue ana mwenyewe, wasimpunje sokoni. Ulicheka mpaka makapi yakakuingia machoni. Lakini ulikuwa unayashika yote, neno kwa neno, na mimi sikujua.

Nilijua siku mdogo wako Chacha alipokuja kuaga, anakwenda Mombasa kutafuta kazi bandarini. Ulimwekea ugali, ukaanza kumfunda.

"Dada, shemeji anakutania," alisema.

"Wewe umefika wapi? Sirari tu, hapo mpakani! Mwenzako amerudi na bahari kwenye chupa."

"Na hiyo kengele nivae kweli?"

"Vaa. Ukipotea tutakusikia."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Neno moja lingetosha. Badala yake nilikwenda zizini, nikamvua yule fahali mwekundu kengele yake, nikaitia mwenyewe kwenye mfuko wa Chacha. Alishuka njia ya mpakani ikilia taratibu, nasi tukaisikiliza mpaka ikapotea kwenye mashamba ya mihogo.

Baada ya hapo uliishi nusu hapa, nusu huko. Ulishona gauni la buluu, ukasema ukilivaa majini samaki hawatakuona mgeni. Ulinisimulia ndoto zako asubuhi, uji ukiwa bado haujachemka vizuri, kwamba umetembea juu ya maji na Chacha amekushika mkono. Uliniomba tumfuate. Nilisema tuvune kwanza. Tukavuna. Nikasema ng'ombe wanakaribia kuzaa. Wakazaa. Huko kwingine kote ulikotaka nilikupeleka, Mama Mwita. Huko tu niliogopa, kwa sababu ungesimama mbele ya maji yale ukaniuliza kitu kimoja kidogo, nami ningekosa jibu.

Kisha ikaja barua. Ulifuta mikono, ukaketi karibu kabisa nami, magoti yako yakagusa yangu, kwa maana mimi ndiye niliyekuwa macho yako kwenye karatasi. Nilisoma kimya kwanza. Halafu nikakuambia Chacha hajambo, kazi amepata, chumba chake ni kidogo, anakusalimu.

"Hajasema niende?"

"Hajasema."

Ulibaki unaitazama ile karatasi. "Basi amekuwa mtu wa mjini," ukasema. Ukainuka ukalikunja gauni la buluu. Hukumtumia tena salamu, wala habari za kifo chake zilipotufikia hukulia mbele za watu.

Siku yako ya mwisho uliomba nikulambishe tone la ile chupa. Nikakulambisha maji ya mto Mara, ukatabasamu. Sasa chupa iko hapa kitandani, kando ya mto ninaolalia. Mwanga wa dirishani ukiipitia hutetemesha kitu cha buluu ukutani, na mimi hulala nikikitazama mpaka nakuona umesimama ndani yake, gauni limelowa magotini, hunikasirikii. Sijui kama ni wewe kweli au ni homa.

Barua nimeitunza ndani ya Biblia. Mchungaji hajui, watoto hawajui. Nakuungamia wewe hapa, na safari hii nakusomea kama ilivyoandikwa: "Shemeji, nimeiamkia bahari mbele ya wapagazi wote, haikuitika. Nimelala palipokauka, maji yamechukua viatu vyangu. Sasa nakuuliza, ulifika kweli? Usijali, sitamwambia dada. Chumba ninacho, kinatosha. Mlete tu aione, nami nitavaa kengele stesheni ili anisikie."

Alikuita, Bhoke.

Mumeo,
Baba Mwita