Sitini Ndani ya Jenereta ya Hamsini

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi, Agaro. Tarehe 16 ya mwezi wa Hidar, saa tatu asubuhi.
Jina: Meklit Asfaw. Umri: miaka 24. Kazi: mhandisi wa umeme, kiwanda cha kuoshea kahawa. Makazi: Agaro.

Mnamo tarehe 14 Hidar, saa tano asubuhi, nilikuwa katika chumba cha jenereta na fundi Beyene Gudeta, ambaye sote humwita Gashe kwa heshima. Umeme wa mji ulikuwa umekatika. Wakulima walikuwa kwenye foleni na kahawa mbivu, ambayo isipomenywa siku hiyohiyo huchacha. Swichi ya kinga, inayokata umeme mzigo ukizidi, ilikuwa imejikata mara tatu.

Bwana Zerihun, mwenye kiwanda, aliniuliza kama jenereta inatosha. Nilijumlisha mota zote nikapata kilowati 42. Kibao cha jenereta kimeandikwa 50. Nikasema inatosha, kinachosumbua ni swichi.

Gashe Beyene alinionyesha kipimo. "Binti, ampea themanini na sita. Mwisho wa jenereta hii ni sabini na mbili. Swichi haina chuki na wewe."

Nikamwambia, "Gashe, hesabu nimeshafanya. Ipandishe swichi hadi mia."

Akacheka. "Haya, msomi. Mimi ni mikono tu." Akaipandisha.

Saa saba na dakika kumi jenereta ilishika moto. Gashe aliuzima kwa magunia yaliyolowa. Mikono yake iliungua.

Polisi walipofika, Bwana Zerihun alisema fundi ameichezea swichi. Gashe alinitazama. Mimi nilitazama sakafu, na wakamchukua.

Jana nilirudia hesabu. Mota haigeuzi kuwa kazi umeme wote inaouvuta. Zetu ni kuukuu. Katika kila kumi hutumia saba. Nilipaswa kugawa 42 kwa 0.7. Jibu ni 60, na jenereta ni ya 50. Hilo ni somo la mwaka wa pili, na nililifaulu.

Naomba atolewe leo. Mikono ile haiwezi hata kushika kikombe cha maji, na humo ndani sijui nani anamnywesha. Karatasi ya hesabu hii hapa. Mwandiko ni wangu.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyafanya.

Sahihi: Meklit Asfaw

Maelezo ya afisa: Nimemsomea, amekubali ni sahihi. Karatasi imepokelewa. Saa nne na nusu nimemwonya kisheria. Ataandikwa upya kama mtuhumiwa. Beyene Gudeta bado yuko mahabusu, anasubiri amri. Alipoelezwa, aliuliza tu kama binti amekula.
Sajini Tolera Negasa