Kopo Lisilo na Lebo

Mwenzangu uko hapo?? Niko kwenye benchi la hospitali.

Unajua vile vipande vya kioo ninavyochukua kwa fundi madirisha? Leo nimeviosha, nikavitwanga, nikachekecha chenga za kumuuzia yule dada anayeyeyusha kioo kutengeneza shanga nyumbani kwake. Nyeupeee, safi. Nikazitia kwenye kopo jikoni, nikaenda kutafuta lebo. LEBO TU!

Narudi, mama mkwe anakoroga chai. Kwaru, kwaru. Sukari gani inakwaruza hivyo? Nikampokonya kikombe, chai ikammwagikia.

"Wewe, una wazimu?"

Hajanywa. Mungu wangu, hajanywa.

Halafu nikaona kikombe cha pili. Cha baba mkwe. Kitupu.

Mama akasema, "Huyo na kisukari chake, hatii hata chembe." Baba naye akaapa, "Sijagusa!" Lakini si unamjua? Mama akigeuka tu, vijiko vitatu.

Nikamvuta baba pembeni. Kabla sijafungua mdomo, akaninong'oneza:

"Usinichongee kwa mama yako. Ila nunueni sukari nyingine, hii haikolei. Nimeongeza mara mbili."