Jina la Baraka kwenye karatasi

Cedar Hill, Machi 2019

Mwanangu Rehema,

Natumaini homa ya bibi imeshuka. Huku hatujambo, Baraka hajalazwa mwezi huu, ila usingizi wangu ni wa kuibia.

Unauliza kama kweli niligoma jumuiyani. Tulikuwa kwa Mama Neema. Baada ya sala ikapitishwa karatasi ya kuwaomba wabunge serikali isitoe pesa za utafiti wa seli shina, zile seli changa zinazoweza kukua kuwa seli za aina nyingine mwilini. Katibu alishatuandika majina kama tunavyoitana, zikabaki sahihi tu.

“Weka basi, chai inapoa,” Mama Neema akasema. “Wanazitoa kwenye mimba changa, mwenzangu. Ni watoto wale!”

Hata mimi hilo linaniuma. Lakini karatasi haikutaja mimba. Ilisema seli shina zote, hata za uboho wa mifupa, na humo ndimo daktari anamotarajia tiba ya selimundu, ugonjwa wa damu wa Baraka. Nikatazama mstari wangu: Mama Baraka. Wote wananingoja.

Nikalikata jina. “Baraka hajaulizwa,” nikasema.

Mama Neema akanimiminia chai, akaniuliza Baraka siku hizi anakula nini.

Ni mimi, mama yako mdogo.