Nyuki wa Onufry Hawajaambiwa

Jumatano, 18 Julai 1792
Mizinga ya vita inanguruma tangu mchana, huko Mto Bug. Inasikika kwa mbali, laini, kama mtu anayesogeza mapipa ghalani. Mume wangu Onufry yuko huko handakini, anawangoja Warusi wavuke. Nimekwenda bustanini kuwasalimu nyuki wake, kazi aliyoniachia: asubuhi na jioni niwaambie "Asifiwe Kristo", kisha niwape habari za nyumbani. Nyuki hawapendi kufichwa jambo, alisema. Nimewaambia ni ngurumo za mvua. Uongo wa kwanza!

Mizinga minne ya nyuki yote inavuma. Harufu ya asali imeingia mpaka chumbani, najiona kama ninaelea. Ajabu — sina hofu kabisa.

Ijumaa, 20 Julai
Kimya. Jeshi letu limerudi nyuma. Błażej, jirani aliyekwenda vitani pamoja na Onufry, amepita juu ya farasi asiye wake, mkono umefungwa kitambaa. Mama mkwe akampa maziwa ya mgando. Akanywa bakuli zima. Mimi nimemkodolea macho tu.

"Shemeji, usinitazame hivyo, mimi si mzimu."

"Onufry yuko wapi?"

Akafuta mdomo. Akasema alimwona akianguka kinamasini, karibu na msitu. Hakumwona akiinuka. Lakini moshi ulikuwa mzito, hata masikio ya farasi wake hakuyaona. Basi! Hiyo ndiyo habari nzima.

Mama hakulia. Aliutoa ufunguo wa ghala ukutani, akaniwekea kiganjani. Hapa kwetu mwenye nyuki akifa, mtu wa nyumbani hugonga kila mzinga kwa ufunguo na kuwaambia. Wasipoambiwa, humfuata. Alipokufa baba mkwe, katika kilio watu walisahau, na theluji ilipoyeyuka mizinga yote ilikuwa mitupu.

"Nenda kagonge, jua halijazama."

"Mama, hakuna aliyeiona maiti."

"Mke ndiye hugonga. Unataka tukose mwana, tukose na asali?"

Nimeutia ufunguo mfukoni. Sikwenda. Nikiwaambia, nitakuwa nimemuua mimi.

Jumamosi, 21 Julai
Nimeota Onufry amelala ndani ya mzinga, mdogo kama kidole, nyuki wanatembea juu ya masharubu yake. Anatekenywa, anacheka. Nilipoamka nilikuwa nacheka mimi.

Mzinga wa kwanza umenyamaza. Nimetega sikio — hakuna kitu. Mama hasemi nami.

Jumatatu, 23 Julai
Warusi wamepita kijijini. Mkozaki mmoja, askari wao wa farasi, mtu wa makamo, akaingia bustanini kutafuta asali. Nikasimama mbele ya mizinga, ufunguo nimeushika mkononi. Akavua kofia — si kwa ajili yangu, kwa ajili ya nyuki! Akawanong'oneza. Lugha yake na yetu ni ndugu, nikalishika jina la Kristo.

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Ametoka."

Akautazama ufunguo mkononi mwangu, kwa muda mrefu. Kisha akasema taratibu, "Hata kwetu ni ufunguo."

Asali hakuigusa. Alichukua bata wetu, akaenda zake. Namchukia! Nusu tu.

Jumatano, 25 Julai
Mzinga wa pili nao kimya, tangu jana. Sasa ni jioni, naandika hapahapa bustanini, daftari gotini.

Asubuhi sikuukuta ufunguo mfukoni. Nikajua ni Mama. Nikakimbia miguu mitupu kwenye umande, nikamkuta amepiga magoti mbele ya mzinga wa tatu, anagonga. Nilitaka kumnyang'anya. Ndipo nikamsikia:

"Wanangu, Onufry anawasalimu. Amechelewa tu. Kasema msiondoke, anakuja kuonja asali mpya."

Akageuka akaniona. Uso wote umelowa.

"Nilikuja kuwaambia kweli," akasema. "Ulimi umekataa. Nami nilikuwa nakutuma wewe, mwanangu!"

Nikamkumbatia. Sijawahi kumpenda hivi. Tulikaa chini pale kwenye majani tukalia, na mwanga ulikuwa mzuri kupita kiasi, wa dhahabu, kana kwamba hakuna vita popote.

Lakini mchana nyuki wa mzinga wa tatu walitoka wote, wakafanya wingu juu ya paa, wakaelekea mtoni. Upande wa kinamasi. Tuliwatazama mpaka wakapotea. Mama akanirudishia ufunguo. Ameenda kusimama njiani, anaangalia barabara.

Umebaki mmoja. Jua limegusa msitu. Nimeugonga mara moja, na mvumo wote umekatika ndani, wananisikiliza. Nikaketi kuandika haya ili nisifumbue mdomo. Bado wamenyamaza. Wanangoja.